Zamu ya Nyumba ya Josepha

Demetria alikohoa mara tatu wakati wa mahubiri, na benchi zima likahama.

Halikuhama kwa kelele. Mama mmoja alikumbuka ghafla kwamba anapenda kukaa karibu na dirisha. Mwingine akamnyanyua mwanawe kama anayemuwahisha chooni, wasirudi tena. Ilipofika sala ya Nasadiki, benchi la watu saba lilikuwa limebaki na watatu: Bibi Josepha, binti yake Levina, na katikati yao Demetria mwenyewe, miaka minane, gauni la njano, nywele nyeusi zilizonyooka na macho membamba aliyopewa na baba yake. Levina alimwekea mtoto kiganja kifuani. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi.

"Umekuja na dawa?" Josepha alinong'ona, macho yake mbele.

"Ninayo. Lakini imebaki kidogo sana, mama. Sidhani kama itafika wiki."

"Basi mtoe akavutie nje, nyuma kule. Watu wasione."

Ulikuwa mwezi wa nne wa mwaka ule wa korona. Shule zimefungwa, kila duka limetundika ndoo ya maji na kipande cha sabuni, na watu wanasalimiana kwa kugonganisha viwiko huku wanacheka kicheko kisicho na raha. Igalula haikuwa na mgonjwa hata mmoja, lakini ilikuwa na simu, na simu zilikuwa na kila kitu. Ugonjwa umetoka China, simu zilisema. Na katika Igalula nzima, kuanzia stesheni mpaka mashamba ya mwisho ya tumbaku, China ilikuwa na mtu mmoja tu wa kuiwakilisha, naye alikuwa darasa la pili.

Baba yake alikuwa mpimaji kwenye kambi ya barabara. Barabara iliposonga mbele, kambi ilihama nayo, na yeye akahama na kambi. Jina lake halisi alilijua Levina peke yake. Kwa wengine wote alikuwa Mchina, na alipoondoka jina hilo lilibaki kijijini likamsubiri mtoto azaliwe.

Kikohozi hakikuwa cha korona. Ilikuwa pumu. Ilimkamata tangu ana miaka mitatu, na kila mwaka ilizidi msimu wa kukausha tumbaku, mabani, yale mabanda ya kukaushia, yanapotoa moshi usiku na mchana. Nesi Advera wa zahanati alikuwa amewafundisha namna ya kumsaidia: chukua chupa tupu ya maji, toboa kitako chake kwa kisu cha moto, ingiza pale mdomo wa kikopo cha dawa, kisha mtoto aweke midomo yake kwenye mdomo wa chupa avute taratibu. Akawaambia na la pili, akalirudia mara mbili. Moshi, vumbi, na mvuke wa vitu vikali, mtoto huyu asikaribiane navyo. Kifua chake kikifunga kabisa, hospitali ya Tabora ni mbali.

Nje ya kanisa, nyuma ya ukuta, Demetria alivuta dawa yake kwenye chupa. Watoto wawili walimchungulia wakakimbia kwenda kusema.

*

Treni iliposimama Jumatatu, Levina alikuwa na beseni lake kama kawaida: matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, upande mmoja, karanga za kuchemsha upande mwingine, na chupa sita za asali zimesimama katikati. Abiria mmoja alitoa mkono dirishani, noti ya elfu tano tayari.

"Asali hiyo ni ya mwaka huu, dada?"

"Ya juzi, kaka. Onja kwanza."

"Muulize kama si ya Wuhani!" Silasi alipaza sauti. Silasi alikuwa kijana wa bodaboda, pikipiki yake imeegeshwa pale pale kwenye kivuli cha tangi la maji, na hakuwa mtu mbaya kwa siku za kawaida. "Huyo ana Mchina ndani, mzee! Wanalala chumba kimoja!"

Vicheko vilipita kwenye mabehewa mawili. Mkono wa abiria ukarudi ndani na noti yake. Dirisha likapandishwa.

Levina alimfuata Silasi mpaka kwenye tangi. "Mimi nimekukosea nini?"

"Aa, dada Levina, utani tu."

"Mwanangu amezaliwa zahanati hiyo hapo. Hajawahi kufika hata Dodoma. Ugonjwa wa China atautoa wapi?"

"Nimekwambia utani. Mbona mnakuwa wakali siku hizi?" Lakini alikuwa amerudi nyuma hatua mbili huku anasema hivyo, na shingoni akapandisha skafu yake ikafunika pua.

Nyumbani Levina alimsimulia mama yake. Josepha alikuwa anachambua maharage, akaacha.

"Utani una wenyewe," alisema. "Mtani wangu mimi ni Mgogo. Akinitukana leo, kesho nikifiwa anakuja kubeba kuni. Huyo Silasi atakuja kubeba nini hapa?"

Ni kweli Josepha alikuwa amezoea maneno. Miaka minane ni mingi. Walishaambiwa kwamba mtoto wa Kichina ni kama simu ya Kichina, hadumu. Walishaulizwa kama wanamficha mbwa wao asiliwe. Watoto walimrushia Demetria mateke ya hewani njiani wakimwambia apigane, na asipopigana wakamwita feki. Hayo yote Josepha aliyacheka na wenzake, mengine hata akayachangia, kwa sababu anayecheka na watu anabaki na watu. Safari hii hakuna aliyemsubiri acheke. Hilo ndilo lililomtia hofu.

*

Jumuiya yao ndogo ilikuwa ya Mtakatifu Ana, nyumba kumi na moja, na ilisali kila Alhamisi kwa zamu. Picha ya mtakatifu na mshumaa vilihama nyumba hadi nyumba. Mwenye zamu hufagia, hupanga viti, huweka kitambaa cheupe juu ya meza. Wenzake hukusanyika nyumba iliyotangulia na kuja wakiimba. Jumuiya ndiyo inayokuja ukiugua. Ndiyo inayochota maji ukifiwa. Padre mwenyewe, akiletewa habari ya msiba, huuliza kwanza: huyu alikuwa wa jumuiya gani?

Alhamisi hiyo ilikuwa zamu ya Josepha. Saa tisa viti vilikuwa vimepangwa, vinne vya kwao na vinne vya kuazima, mbalimbali kama serikali ilivyotaka. Saa kumi alikuwa amekaa mlangoni. Saa kumi na nusu alisikia wimbo. Akasimama, akajinyoosha kitenge. Wimbo ulikuja mpaka kwenye njia panda, ukageuka kushoto, ukaingia kwa Mathias, ambaye zamu yake ilikuwa wiki ijayo.

Josepha alibaki amesimama. Demetria alikuja akamshika mkono.

"Bibi, wamepotea njia?"

"Ndiyo," alisema Josepha. "Ingia ndani, kuna vumbi."

Kesho yake asubuhi Agnetha alifika. Agnetha ndiye mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke wa miaka arobaini na tano, mchapakazi, wa kwanza kwenye kila msiba. Alisimama mbali, kwenye mpaka wa ua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu kiti."

"Hapana mama, hapa panatosha. Nimekuja kwa ajili ya jana. Nilisema nisikufiche." Alikuwa anasokota ncha ya khanga yake. "Watu wanaogopa. Mimi binafsi najua Demi ni mtoto wetu. Lakini anakohoa, mama, na kile kitu anachovuta kwenye chupa. Wanasema baba yake anamletea. Wanasema ndani ya ile chupa ndimo ulimo ugonjwa."

"Ni dawa ya pumu. Ya zahanati."

"Mimi naelewa. Wao je?" Agnetha alishusha sauti. "Mzee Mathias ndiye balozi wetu wa nyumba kumi, na anasema akibanwa atapiga simu Tabora lije gari. Wale wanaovaa manailoni mwili mzima. Wakimchukua mtoto hatuwezi kujua wanampeleka wapi, na hamtaruhusiwa kumfuata."

Levina, aliyekuwa anaosha vyombo, alisimama na sufuria mkononi.

"Lakini kuna njia," Agnetha aliendelea haraka. "Tumpige nyungu. Kila mtu sasa hivi anapiga nyungu, mpaka wakubwa. Mwarobaini, mkaratusi, tangawizi, pilipili kidogo. Tunakuja sisi wenyewe wanajumuiya, tunamfukiza kwa sala, watu wanaona kwa macho yao, basi. Alhamisi mshumaa unakuja hapa. Nakuapia."

"Hapana," alisema Levina.

"Dada Levina..."

"Nesi amekataza mvuke. Mtoto ana pumu, kifua kitafunga. Hapana."

Agnetha alimtazama Josepha, si Levina. "Mama, fikirieni," alisema, akaondoka. Alipofika njiani alinawa mikono kwa maji ya kichupa alichobeba, ingawa hakuwa amegusa kitu.

*

Dawa iliisha Jumatatu jioni. Levina alikitikisa kikopo sikioni, akakibonyeza, kikatoa hewa tupu. Zahanati hawakuwa nacho. Jumanne alfajiri alivaa, akachukua akiba ya pesa za matobolwa aliyoifungia kwenye pindo, na kumwamsha mama yake.

"Nakwenda Tabora, nanunua narudi na basi la kwanza. Asitoke nje, moshi ni mwingi. Asikae jikoni. Chupa yake iko juu ya kabati. Mama, umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Na akija Agnetha?"

"Nimekusikia, Levina. Nenda."

Na alimaanisha. Hili ni lazima lisemwe, kwa kuwa baadaye Igalula ilisema mengine. Lakini saa nne wakaja wanawake sita, Agnetha mbele na Mathias nyuma yao, na chungu kikubwa kimebebwa na wawili, na majani yamefungwa mafungu mazuri ya kijani. Walisimama ndani ya ua. Walikuwa wameingia. Ilikuwa wiki ya pili hakuna mtu aliyekanyaga ua ule, na moyo wa Josepha ukamsaliti kwa kufurahi kabla ya kuogopa.

"Mwangaluka, mama Josepha," Mathias alimsalimu. Yeye hakuvuka mpaka. "Nimepigiwa simu mara mbili kutoka kata. Wanauliza habari za mtoto wa Kichina anayeumwa. Nimewaambia wanipe mpaka mchana."

"Anaumwa pumu, balozi."

"Nitawaambia nini? Nitawaambia pumu? Watacheka. Nikiwaambia ameshapigwa nyungu na mashahidi wapo, nimemaliza kazi."

Josepha alitazama chungu. Alikuwa amelea watoto sita kwa nyungu. Mafua, homa, surua, mwili kuuma baada ya kuzaa, vyote alivimaliza chini ya blanketi, na kabla yake mama yake, na hakuna aliyewahi kumwona mtu wa Igalula aliyekufa kwa majani. Nesi alikuwa binti wa juzi kutoka Bukoba. Alijua dawa za kopo, lakini angejua nini kuhusu nyungu? Na gari la Tabora lilikuwa njiani, kwa mawazo yake lilikuwa tayari limewasha injini. Hivyo ndivyo alivyojidanganya, kwa vitu alivyovijua vizuri kabisa.

"Kidogo tu," alisema.

"Fungu moja la rozari," alisema Agnetha. "Salamu Maria kumi. Hata ugali hauivi."

"Pilipili msitie."

"Hatutii."

Lakini pilipili ilikuwa imeshatiwa, nyumbani kwa Agnetha, pamoja na vitunguu. Hakuna aliyeona sababu ya kusema.

"Na ile chupa, mama," mmoja alisema. "Ichomwe, watu waone."

Josepha aliingia ndani akaishusha chupa kutoka juu ya kabati. Demetria alikuwa amekaa kitandani, anachora.

"Bibi, hiyo ni yangu."

"Mama yako analeta dawa mpya. Tutatengeneza na chupa mpya. Njoo."

Chupa iliwekwa kwenye moto waliouwasha chini ya chungu. Ilijikunja, ikatoa moshi mweusi, na wanawake wakarudi nyuma wote kwa pamoja, mikono puani.

*

Levina alishuka basi saa tano na robo, kikopo kipya kikiwa ndani ya sidiria yake. Pale njia ya stesheni inapoanzia alikuwepo Silasi peke yake, juu ya pikipiki.

"Umechelewa tiba," alisema Silasi. Kisha akaona uso wa Levina na hakucheka. "Wako kwenu. Nimewaona wanapita na chungu."

"Nipeleke."

Silasi alitazama kushoto na kulia. "Dada Levina, abiria wakiniona na wewe sasa hivi..."

"Silasi, mwanangu atakufa."

Alisema hivyo bila kupaza sauti. Silasi alivuta skafu juu ya pua. "Kaa nyuma kabisa. Shika chuma, usinishike mimi."

Levina alikaa nyuma kabisa akashika chuma. Njia nzima aliomba kwa neno moja tu, bado, bado, bado.

*

Chini ya blanketi palikuwa na giza jekundu. Demetria alikuwa amekaa kwenye kigoda, chungu kati ya magoti yake, na wanawake wamezunguka, kila mmoja ameshika upindo. Josepha alishika wa mbele.

Salamu Maria ya kwanza alikohoa. Ya pili akakohoa zaidi, na wanawake wakatazamana kwa kuridhika, maana ugonjwa ulikuwa unatoka. Ya tatu aliita.

"Bibi."

"Vumilia mjukuu wangu, inakwisha."

"Bibi, inachoma. Bibi, sipati..."

"Usimjibu, mama, anavuta maneno badala ya mvuke," alisema Agnetha kwa upole, akaongeza sauti ya sala, na wengine wakaifuata.

Ya tano hakukuwa na kikohozi. Ya sita mkono ulitoka chini ya blanketi. Ulikuwa mkono mdogo, umelowa, unapapasa chini mavumbini kama wa mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. Uliupata mguu wa Josepha. Ukaushika kifundo, ukabana.

"Mkono ndani, mvuke unatoka," alisema Agnetha. Akainama, akaubandua ule mkono kidole kwa kidole, kwa ncha ya khanga asiuguse, akaurudisha ndani.

Josepha alisali Salamu ya saba mpaka nusu. Akaacha. Alikuwa anasubiri mkono utoke tena, na haukutoka.

Alilivuta blanketi kwa nguvu hata wawili kati ya wale wanawake wakayumba. Demetria alikuwa ameinamia mbele, mabega yamepanda mpaka masikioni, mdomo wazi, shingo imeingia ndani kwenye mifupa kila alipojaribu kuvuta. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Macho yalikuwa wazi na yalimtazama bibi yake moja kwa moja.

"Bado tatu," mtu alisema.

"Ondokeni!" Josepha alipiga kelele. Alimpakata mtoto akakaa naye chini. "Mnasimama nini? Nisaidieni! Mleteni nesi! Mtoto hapumui!"

Wanawake walirudi nyuma. Wote sita. Agnetha, ambaye alishawahi kuosha maiti ya kipindupindu kwa mikono yake mitupu, alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa jiko, na alikuwa analia. Lakini hakusogea mbele.

Hapo pikipiki ikaingia uani.

Levina hakuuliza chochote. Alichomoa kikopo, akapiga magoti. "Chupa."

Josepha alitazama moto.

"Mama, chupa iko wapi?"

"Wameichoma. Nimeichoma mimi."

Kwa mtoto aliyefikia hali ile, kikopo peke yake hakifai kitu. Dawa inagonga ulimi inaishia hapo. Levina alijaribu mara moja, na mvuke mweupe wa dawa ukatoka ulivyoingia. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na chupa ya asali. Zilikuwepo ishirini zimepangwa ukutani, zimejaa zote, mzigo wa wiki mbili usiouzika. Akafungua kizibo akaipindua. Asali haina haraka. Ilitoka nene, ikakatika, ikatoka tena, ikatanda mavumbini, na Levina alikuwa anaibana chupa kwa mikono miwili huku anapiga mayowe kuiambia itoke.

"Maji!" Levina aliita. Silasi ndiye aliyekimbia. Aliinyanyua ndoo ya kunawia pale mlangoni, akaileta, akamimina maji ndani ya chupa, akasukasua. Kisha akaokota kisu kilichokatia majani, akakichomeka kwenye makaa, akatoboa kitako. Tundu likaja kubwa. Akaliziba pembeni kwa vidole vyake mwenyewe huku Levina anabonyeza.

Moja. Kifua hakikusogea.

Mbili. Tatu.

"Vuta, mama. Vuta kidogo tu. Demi, vuta."

Nne. Tano. Saa sita kasoro, mbele ya watu tisa na moto uliokuwa unazima, ile filimbi ikarudi. Ilikuwa nyembamba na mbaya, na Levina alipoisikia aliangusha kichwa chake kwenye mapaja ya mama yake akalia, kwa sababu filimbi ni hewa.

Nesi Advera, aliyesikia mayowe, alipofika alimsikiliza mtoto, akambeba mwenyewe mpaka zahanati. Kabla hajaondoka aliwageukia wanawake. "Nani aliweka pilipili?" Mathias alikuwa ameshaondoka kwenda kupiga simu yake.

Silasi aliosha mikono kwa sabuni, akaosha na kiti cha nyuma cha pikipiki, mara mbili. Kisha akaona aibu, akaacha sabuni pale pale juu ya jiwe.

*

Kufika Alhamisi habari ilikuwa imeshatengenezwa vizuri. Mtoto wa Kichina alizidiwa, wanajumuiya wakampiga nyungu kwa rozari, ugonjwa ukamtoka mbele ya mashahidi, sasa amepona. Mathias aliipeleka kata hivyo hivyo na kata ikaridhika. Agnetha alimtuma mtu kwa Josepha: leo mshumaa unakuja kwako.

Levina hakuwa amesema na mama yake tangu Jumanne. Alipika, akampa, akarudi kwa mtoto, ambaye zahanati ilikuwa imemruhusu Jumatano. Alipoona viti vinapangwa alisimama mlangoni.

"Utawafungulia?"

"Tusipowafungulia, nani atatuzika?" Josepha alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye homa. "Mimi ni mzee, Levina. Nikifa kesho utachimba kaburi na nani? Na wewe ukiugua? Na huyu mtoto atakua peke yake hapa? Nawaogopa. Nawaogopa wakija, na wasipokuja nawaogopa zaidi."

Dawa ilikuwa imemaliza akiba yote. Levina alimwachia mama yake kikopo na chupa, akachukua beseni lake akaenda stesheni.

Saa kumi wimbo ulianza kwa Mathias. Ulikuwa wimbo uleule wa Bikira Maria, na wengi walikuwa wamekuja, hata watu wa jumuiya nyingine, maana kila mtu alitaka kumwona aliyepona. Josepha alinyoosha kitambaa cheupe juu ya meza. Akawasha jiko kwa ajili ya chai. Wimbo ulipofika njia panda haukugeuka.

"Demi!" aliita. "Njoo uvae gauni lako."

Hakuitikiwa. Aliangalia chumbani, daftari la kuchorea lilikuwa kitandani, wazi. Aliangalia chooni. Akazunguka nyuma ya jiko.

Kigoda kilikuwa pale, kimewekwa sawasawa katikati, na juu yake alikaa mtu mdogo aliyefunikwa blanketi kuanzia kichwani mpaka chini. Blanketi lilikuwa linapanda na kushuka. Filimbi ilisikika ndani yake.

"Demetria. Unafanya nini humo?"

"Wanakuja, Bibi."

"Ndiyo, wanakuja kusali. Kusali tu."

Uani kwa mbele wimbo ulikuwa umeshafika kwenye mpaka.

"Bibi," ilisema ile sauti, "leo sitatoa mkono."

Josepha aliketi chini. Aliliinua blanketi taratibu, akaona uso umelowa jasho, nywele zimeganda kwenye paji, na mikono miwili imebanwa katikati ya mapaja, imefichwa, ili isije ikasahau. Alimvuta mtoto mapajani kwake. Akaitafuta mikono ile, akaitoa mmoja baada ya mwingine, akaishika.

"Hodi hapa!" Agnetha aliita kwa furaha. "Mama Josepha, hodi! Tumekuleteeni Mtakatifu Ana!"

Viti vilikuwa tayari. Kitambaa kilikuwa cheupe. Mshumaa ulikuwa mkononi mwa Agnetha, unawaka, umezungushiwa kiganja usizimwe na upepo.

"Hodi!"

Josepha aliogopa kama hajawahi kuogopa maishani mwake. Alikuwa na miaka sitini na nane, na hakuwahi hata siku moja kuacha kuitikia hodi, iwe ya ndugu au ya mdai.

"Hodi, wenyewe?"

Watu wote waliona moshi wa jiko ukipanda, wakaona viti vimepangwa, wakajua wenyewe wapo. Nyuma ya jiko Josepha alikuwa ameishika mikono ya mjukuu wake, na hakuitikia.